Mizani Yangu na Sarafu za Mzee Nikifor

Nilipowaacha nilikuwa nimepiga magoti kwenye stoo ya makumbusho yetu, maji ya bomba lililopasuka yameniloanisha sketi, na mkononi nimeshika sarafu ya shaba ya gramu tisa. Ukoko wake wa kijani ulikuwa umelainika. Niliusugua kwa kidole gumba, vikatokea vichwa viwili vinavyotazamana, Kaisari kijana na mkewe. Nikakaa palepale majini.

Kwa msomaji anayeingia leo nitasema kwa kifupi nilichokifanya. Mtu akishaanza kujianika gazetini hakuna sababu ya kubakiza kitu.

Chini ya mashamba yetu umelala mji wa kale wa Markianopoli, ambao enzi za Warumi ulitengeneza sarafu zake wenyewe. Hawakuandika thamani kwa maneno. Kichwa kimoja kilimaanisha asari nne, yaani senti za enzi hizo, au pungufu, na vichwa viwili vinavyotazamana vilimaanisha asari tano. Mnunuzi wa mkate alitazama vichwa akajua. Uzito ulikuwa shauri la fundi na haraka yake siku hiyo.

Haya niliyajua. Mzee Nikifor, aliyekuwa mtunza sarafu wetu, alinifundisha wiki yangu ya kwanza kazini.

"Anza na vichwa, binti," aliniambia. "Mizani iwe ya mwisho kabisa. Wale watu wakati wa vita walikata shaba nyembamba. Ya tano ikawa na gramu tisa, na mkate ikanunua uleule."

Lakini mimi Zdravka nilikuwa na miaka ishirini na tisa, nimetoka chuo kikuu, na nina mizani mpya ya umeme. Sarafu zilikuwa zimefunikwa na ukoko, vichwa havionekani, na tume ya ukaguzi ilikuwa inakuja Jumatatu. Nikaambiwa nizipange. Kila iliyopungua gramu kumi niliitupa kwenye mfuko wa chenji, yaani wa sarafu za thamani ndogo.

Sasa sikilizeni ubaya wake. Sarafu za tano zilikuwa na idadi yake kwenye daftari la mali, mia tatu na kumi na mbili, kwa mkono wa Mzee Nikifor mwenyewe. Chenji ilikuwa imeandikwa "mfuko, mmoja." Hakuna aliyewahi kujua ndani ya ule mfuko mna ngapi.

Tume ikahesabu sarafu za tano ikapata mia mbili sabini na moja. Zilipungua arobaini na moja.

Ufunguo wa stoo ulikuwa kwa Mzee Nikifor. Hawakupata ushahidi wa kumfunga, lakini walimfukuza miaka miwili kabla ya kustaafu, na mji mzima ukampa jina. Mpaka leo akipita sokoni mtu husema, "Huyo Arobaini na Moja anapita." Kiti chake nikapewa mimi, nami nilikikalia miaka kumi na tisa nikiamini nakalia kiti cha mwizi.

Moja ya hizo arobaini na moja ndiyo niliyokuwa nimeishika majini.

Mtu mwenye akili angezihesabu kwanza. Mimi nilikimbia ngazi na sketi inachuruzika hadi ofisini kwa mkurugenzi wetu Svilen, kijana aliyetoka ofisi ya utalii na anayefikiri sarafu ya Kirumi ni kitu cha kuchapisha kwenye fulana.

"Zipo," nikamwambia. "Sarafu za Mzee Nikifor. Zimo kwenye mfuko wa chenji. Hakuiba mtu."

"Zote?"

"Zote arobaini na moja."

"Umezihesabu?"

"Sina haja ya kuzihesabu. Ni mimi niliyezitupa humo."

Alinitazama, akatazama maji yaliyokuwa yanatiririka kwenye zulia lake.

"Basi andika, Bi Zdravka. Andika uweke saini. Mimi siwezi kuwapigia watu wa mkoani simu nikawaambia kuna mama kaja kalowa."

Nikaandika. Nimezikuta zote arobaini na moja. Nikaweka saini na tarehe. Svilen akapiga simu, wakamjibu kwamba tume itakuja Ijumaa.

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Jumanne na Jumatano nilijifungia stoo na beseni, mswaki na mfuko wa chenji. Nilisugua sarafu moja moja. Kila vichwa viwili vilipotokea nilicheka peke yangu. Nikaziweka kwenye kitambaa safi, kumi, ishirini, thelathini.

Nikafika chini ya mfuko. Niliugeuza ndani nje. Niliupapasa kwenye mishono.

Thelathini na tatu.

Nikazirudia zote, hata za kichwa kimoja, hata vile vipande vilivyolika. Nikazihesabu mara nne. Zilibaki thelathini na tatu.

Mnaona nilivyojifunga mwenyewe? Kwa miaka kumi na tisa ufunguo wa stoo ulikuwa shingoni kwangu. Wa pili ulilala kwenye sefu ya mkurugenzi ndani ya bahasha yenye lakiri. Nimeandika kwa mkono wangu kwamba nimezikuta arobaini na moja, halafu tume ije ikute thelathini na tatu. Nane ziko wapi, na ni nani mwenye ufunguo? Ningekuwa nimemsafisha Mzee Nikifor kwa kujipaka mimi matope yaleyale.

Na siwaongopei, usiku huo nilifikiria kuzirudisha zote mfukoni na kusema nilikosea. Mzee ana miaka themanini na mbili, nikajiambia, ameshazoea.

Alhamisi asubuhi nilijiona kwenye kioo nikipiga mswaki, nikaona haya. Nikanunua tulipu saba na kupanda basi la kwenda kwake ng'ambo ya mto. Nilitaka nimwambie yote kabla tume haijafika, atukane, anipige kibao akitaka.

Getini kwake nilikuta tangazo la kifo lenye ukingo mweusi. Nilidhani ni la Mzee. Nikasogea kusoma na kukuta ni la mkewe, la kumbukumbu ya miaka kumi na saba tangu afe, kama kwetu yanavyobandikwa kila mwaka. Alifariki miaka miwili baada ya ile tume.

Mlango ulifunguliwa na Radostina, binti yake. Anafanya kazi kwenye tanuri la mikate na unga ulikuwa bado umemshika nyusi. Mkononi alikuwa na uzi wake wa Machi, mweupe na mwekundu, ambao kwetu huvaliwa mwezi huo kuombea afya. Alinitambua papo hapo.

"Ehe, mtaalamu," akasema. "Umekuja kumpima baba? Mizani umeiacha wapi?"

"Habari za asubuhi, Radostina. Nimekuja kumwona mzee."

"Miaka kumi na tisa hukuijua njia. Leo nani kakuchorea ramani?"

Nikampa maua. Aliyapokea, akayatazama, na nikaona midomo yake inasogea. Alikuwa anahesabu.

"Sita," akasema.

Nilitazama. Moja lilikuwa limevunjika kichwa ndani ya basi, nami sikuona. Kwetu mtu aliye hai humpelekei maua ya idadi shufwa. Hayo ni ya kaburini.

"Yalikuwa saba, wallahi. Niliyanunua saba."

"Kwenu vitu hupungua njiani, najua," akasema Radostina. "Haya, ya mama basi. Leo ni siku yake."

Akayachomeka kwenye waya wa geti, chini ya tangazo, kisha akasogea kando kiasi cha kunipa nafasi ya kupita kwa ubavu.

"Nilikuwa na mchumba," akasema mgongoni kwangu. "Mama yake alisema hawaoi nyumba ya Arobaini na Moja. Nakwambia tu ujue unakanyaga nyumba gani."

Mzee Nikifor alikuwa jikoni karibu na jiko la kuni, ana blanketi magotini. Amekonda, lakini mikono ni ileile, mikubwa, na kucha ya kidole gumba imekuwa nene kwa kukwaruza shaba.

"Zdravka," akasema bila kugeuka. "Bado unatembea kama anayechelewa. Kaa. Radostina, tuletee jibini na matango ya siki."

"Huyu pia?"

"Huyu pia."

Alinimiminia rakia, pombe kali ya plamu, saa nne ya asubuhi. Sikuigusa. Nikasema yote pale Radostina akiwa amesimama na sahani mkononi. Bomba, mfuko, gramu kumi, sarafu ya gramu tisa yenye vichwa viwili. Nilisema, "Nilikufukuzisha mimi. Hukuiba. Nilizitupa mimi kwenye chenji kwa ujinga na kiburi changu." Nililia, na sikulia kwa adabu.

Radostina aliweka sahani chini polepole.

"Rudia," akaniambia.

"Baba yako hakuiba. Nimeshaandika na kuweka saini. Kesho tume inakuja."

Alikaa kwenye kiti, akafunika uso kwa aproni. Kisha akainuka, akanishika kichwa kwa mikono yake miwili yenye unga na kunibusu kipajini, mwanamke aliyekuwa tayari kunifungia geti.

"Kesho nitakuja," akasema. "Nitavaa gauni langu la buluu. Nataka niwasikie wakisema kwa midomo yao. Nitaomba ruhusa tanurini sasa hivi." Akatoka mbio hata koti hakuchukua.

Mzee hakuwa amesogea. Aliusikiliza mlango wa geti ukifungwa.

"Umezipata ngapi?" akaniuliza.

Nikafuta macho.

"Binti, nakuuliza. Ngapi?"

"Thelathini na tatu."

Aliitikia taratibu, kama mtu aliyesomewa barua anayoijua. Akainuka kwa kushika meza, akaenda kwenye rafu ya mitungi ya akiba na kuteremsha mtungi wa maharage makavu. Akaumwaga wote mezani. Kati ya maharage vilikuwamo vitu vya duara vimefungwa moja moja kwenye karatasi ya daftari.

Alifungua kimoja. Vichwa viwili vikitazamana, safi, shaba ya rangi ya asali, mpaka nywele za mke wa Kaisari zinahesabika.

"Nane," akasema.

Nikavihesabu kwa macho vile vilivyofungwa karatasi.

"Stoo haikuwa na maji majira yale ya baridi," akasema Mzee Nikifor. "Nilizileta hapa kuzisafisha. Kinyume cha kanuni, najua. Jioni jioni nilikaa hapa na sindano ya mfupa. Mara tume hiyo ikaja. Nilidhani wataona zimepungua nane, niseme ukweli, nipewe onyo. Wakasema arobaini na moja."

"Kwa nini hukuzitoa?"

"Nitoe nane? Wangeniuliza thelathini na tatu umeuza kwa nani. Mwizi aliyerudisha nane anafungwa, Zdravka. Asiyerudisha kitu alifukuzwa tu."

Akaifunga ile sarafu tena kwa karatasi, kwa uangalifu.

"Kwa nane ningekiri," akasema. "Kwa arobaini na moja sikuweza kukiri. Na kukana yote nikakana."

"Ungezirudisha? Kama tume isingekuja?"

"Hilo usiniulize."

Kuna jambo lilikuwa linanikereketa, likatoka.

"Hizo nyingine ulidhani ziko wapi?"

"Mwanzoni sikujua. Baada ya mwaka wa pili, mama Radostina ameshakufa, nikakaa hapa nafikiri. Nikaikumbuka ile mizani yako. Nikajua."

"Ulijua?" Niliinuka. "Miaka kumi na saba ulijua ziko kwenye mfuko wa chenji?"

"Nilijua."

"Na ukakaa kimya! Neno moja, Mzee Nikifor. 'Fungueni mfuko.' Radostina angeolewa."

"Wangefungua wakakuta thelathini na tatu," akasema. "Halafu wangekuja hapa kutafuta nane. Usinipigie kelele. Wewe ulikuwa na kiti, kiti changu, na madirisha mawili yanayotazama bustani. Mimi nilikuwa na mtungi wa maharage."

Niliwahi kumwogopa mtu huyu, nikamdharau, na asubuhi ile nilikuja nikiwa tayari kumpigia magoti. Sasa nilimchukia, na nilijichukia kwa kumchukia, maana nane zake zisingemwangusha kama si thelathini na tatu zangu. Tulikaa tunatazama maharage.

Mwishowe akazikusanya zile nane, akazifunga kwenye leso, akaniwekea mkononi.

"Tume ni kesho?"

"Kesho saa tatu."

"Zichanganye mfukoni leo. Zitakuwa arobaini na moja, wewe umesema kweli, mimi ni mtu safi. Lakini nisikilize. Ni kabla ya kuhesabu. Wakishahesabu hazina tena pa kuingia. Ikiwa hivyo, zitupe mtoni. Mtu asikukute nazo."

"Na Radostina?"

"Radostina avae gauni lake la buluu," akasema. "Asijue kamwe."

Nilizitia mfuko wa koti, nikapanda basi. Tulipofika darajani nilitazama maji, mto umejaa kwa theluji iliyoyeyuka milimani, na dirisha lilikuwa wazi. Nilikuwa na uwezo wa kunyoosha mkono tu. Sikunyoosha. Nilijiambia kesho ni mbali, na hata mtu akinipeleka mahakamani sitatupa mtoni sarafu zilizosafishwa kwa sindano ya mfupa. Kazi hii imenilemaza kiasi hicho.

Nilipanga hivi: nishukie makumbusho, nishuke stoo, nizichanganye na zile za kitambaani, dakika mbili. Kisha niende nyumbani nikalale kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu.

Mlango wa stoo ulikuwa wazi.

Taa zote zilikuwa zimewashwa, na hita ya umeme ilikuwa inawaka kwa ajili ya mgeni. Mezani pangu alikaa mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyofungwa mnyororo, na pembeni yake Svilen akiwa na ile bahasha ya lakiri, imechanwa.

"Bi Zdravka," akasema Svilen. "Huyu ni Bi Kalcheva wa tume. Kesho wana kikao, wameamua kuja leo. Nilikupigia simu, hukupokea."

Simu yangu ilikuwa mfukoni, chini ya leso. Sikuisikia.

Bi Kalcheva hakuinua uso. Mbele yake kitambaa changu kilikuwa kimetandazwa, na alikuwa anagusa sarafu moja moja kwa ncha ya kalamu.

"Zimesafishwa vizuri," akasema. "Za tano zote, vichwa vinatazamana, hakuna shaka. Thelathini na moja. Thelathini na mbili. Thelathini na tatu."

Akaandika idadi kwa tarakimu, kisha kwa maneno, akapiga mstari chini yake.

"Mbona uliandika arobaini na moja?" akaniuliza Svilen. Uso wake haukuwa na ubaya. Alikuwa anaogopa kazi yake tu, kama mimi nilivyoogopa yangu miaka kumi na tisa iliyopita.

Ningeweza kusema nilikosea. Mzee angebaki mwizi wa nane mbele ya watu, na bintiye angepiga pasi gauni bure. Ningeweza kuzitoa nane hapo hapo, na mimi ndiye ningekuwa mwizi, mbele ya karatasi yenye saini yangu. Njia ya tatu sikuiona.

"Huenda nane zimebaki mahali humu humu," akasema Bi Kalcheva kwa upole, akivua miwani. "Tutatafuta pamoja, rafu kwa rafu. Vua koti, dada, utaungua na joto hili."

Mkono wangu ulikuwa mfukoni, umeibana leso ili shaba isigongane. Kwa mkono mwingine nilifungua kifungo cha juu, nikafungua cha pili. Bi Kalcheva alikuwa ameshainuka kwenye kiti changu, amenyoosha mikono miwili kunipokea koti anitundikie.